Folda ya Mizigo

Pale Mikumi mabasi ya Iringa na Mbeya hayashushi watu tu. Hushusha maboksi, magunia na ndoo zilizofungwa kamba, na mwenye mzigo huulizia mpaka apewe. Kwa hiyo Danieli alipofungua duka lake la intaneti karibu na kituo, wateja walikuja na maneno yao yale yale. Hakuna aliyeulizia kiambatanisho. Waliuliza, "Mzigo wangu umeingia?"

Danieli alikuwa mvivu mwenye akili. Aliipanga kompyuta ili kila barua pepe ikija na kiambatanisho, mashine ikichomoe yenyewe na kukiweka kwenye folda moja, naye folda hiyo akaiita Mizigo. Wasio na anwani yao walitumia ya duka, basi humo viliingia vyeti vya ubatizo, picha za harusi, bei za mbolea na mambo mengine ya kucheka, vyote vikilala kitanda kimoja. Jina la mzigo likifanana na lililotangulia, mashine haikuuliza mtu. Ilimbandika mgeni namba mbili mwishoni, ikaendelea na kazi.

Mlinzi wa folda hiyo alikuwa Kashindye, binti wa Mzee Ngeleja, mfugaji wa Malolo. Alikuwa akikaa Mikumi kwa shangazi yake, na alishapata nafasi ya kusomea kompyuta Morogoro, aanze Julai. Ndipo baba yake mdogo aliyebaki Shinyanga alipompatia mchumba. Huyo Mhoja hakusifiwa tabia wala sura. Alisifiwa ng'ombe. Na Mzee Ngeleja akisikia habari za ng'ombe, usingizi humruka. Akiwakubali tu, hakuna Julai wala Morogoro.

Baba mdogo alikuwa mtu wa kwenda na wakati. Akapiga simu: kwa nini kaka ahangaike na safari ya kukagua mahari wakati picha zipo? Amezituma kwenye kompyuta ya binti yake. Akaangalie ng'ombe1, ng'ombe2 na ng'ombe3, kisha atoe jibu.

Kashindye alizifungua kwanza yeye, akatamani kulia. Walikuwa wanene mpaka wanachukiza. Alipotaka kuzifunga akaona mashine imezibandika namba mbili mwishoni, kwa sababu majina yale yalishachukuliwa na Vitalis, bwana mifugo. Huyo alizunguka vijijini kiangazi kilichopita akipiga picha ng'ombe wagonjwa, akazituma kutoka Kilosa ili duka lizichape, zibandikwe kwenye ofisi za kata, wafugaji wazijue dalili. Mbavu nje, kamasi tele, macho ya kuomba msamaha.

Kilio kikaisha hapo hapo. Si ameambiwa amwonyeshe baba ng'ombe1? Atamwonyesha ng'ombe1. Uongo uko wapi?

Mzee Ngeleja aliingia na fimbo yake na makatambuga yake, vumbi la Malolo likiwa bado magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzigo wangu umeingia?"

"Umeingia, baba. Mashine inajiwekea yenyewe, mimi sigusi kitu."

Kashindye alianza na picha ya Mhoja, iliyokuja na mzigo huo huo; amevaa suti na kuegemea gari ambalo kwa mkao wake lilionekana kuwa la mtu mwingine. Mzee aliitupia jicho moja.

"Anakula vizuri. Haya, ng'ombe."

Kashindye akabonyeza. Ng'ombe wa kwanza akajaza kioo, kisha wa pili. Alipofika wa tatu, jike jeupe lenye doa jeusi shingoni, Mzee alivuta kiti na kusogeza uso karibu kabisa.

"Mgeuze nimwone upande wa pili."

"Hageuki, baba. Ni picha."

"Basi nikuzie sikio."

Alilikuza. Mzee akalitazama lile sikio kwa muda mrefu, akakohoa, akatoka nje kutafuta mtandao. Kashindye alimsikia akipaza sauti kana kwamba anataka Shinyanga imsikie bila simu.

"Nimewaona. Nimewakataa. Wanene? Wewe unanifundisha mimi ng'ombe? Nasema nimewaona kwa macho yangu. Mwambie huyo kijana akatibu kwanza, aoe baadaye."

Kashindye alijifuta jasho kwa kanga. Furaha ilimpanda mpaka akataka kuikumbatia kompyuta ya Danieli. Lakini baba alirudi, akaketi pale pale, fimbo katikati ya magoti.

"Yule mweupe wa mwisho. Humfahamu?"

"Nitamfahamuje, baba? Wa Shinyanga yule."

"Ni Mbula."

Kashindye aliligeukia tena lile sikio. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mwishoni mwake hukuta ng'ombe wa nyumbani kwao.

"Sikio lile aling'atwa na mbwa akiwa ndama," Mzee aliendelea, kwa upole uliomuumiza binti kuliko fimbo. "Bwana mifugo alimpiga picha zizini kwangu. Amepona sasa. Maziwa yake ndiyo tuliyouza ukasoma sekondari, na wewe unamleta hapa awe mgonjwa wa watu."

"Nisamehe, baba. Nilitaka kwenda Morogoro. Niliogopa kukuambia."

"Uliogopa kuniambia, hukuogopa kunidanganya kwa ng'ombe. Mimi, Msukuma." Akatikisa kichwa, na mdomo wake ukawa unapigana na kicheko. "Ndiyo maana nimewakataa. Mtoto wa namna hii nikimpeleka Shinyanga, watanirudishia kabla ya mvua. Nenda kasome."

Kashindye alipiga magoti kushukuru, machozi yakimtoka bila kificho. Mzee akamwacha amalize, kisha akaigeukia mashine.

"Haya. Sasa nionyeshe wale wa kweli."

Kashindye akawafungua, mmoja baada ya mwingine. Nundu zimesimama, ngozi zinang'aa, madume yenye shingo za kutisha. Mzee Ngeleja aliwatazama, mkono umeshika kidevu, mpaka wa mwisho.

"Ng'ombe wazuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, baba."

"Zima hiyo kitu, mwanangu. Zima kabla sijabadili nia."