Sekunde Mbili za Mafabi

Kazi ya Zulaika Sebit ilikuwa kuwakatalia watu. Alilipwa kwa hilo, na alilifanya vizuri. Kila asubuhi aliketi katika ofisi ya Bhupendra, muuza kompyuta wa mtaa wa Nalufenya mjini Jinja, akikagua msimbo ulioandikwa na mafundi wengine kwa ajili ya kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma. Vyuma, kwa bahati mbaya, havisemi kweli siku zote. Kiwanda kikitengeneza diski mbovu hakiiti diski zake zirudi. Kinasubiri fundi fulani, mahali fulani, aandike mistari michache ya kuizunguka kasoro hiyo. Mistari hiyo inaitwa kiraka, na Zulaika ndiye aliyeamua kiraka kipi kitumwe kwa wakubwa wa ng'ambo wanaoutunza mfumo, na kipi kirudishwe kwa mwenyewe pamoja na maneno makali.

Ofisi hiyo ilikuwa na historia ya kuchekesha, kwa anayependa vichekesho vya namna hiyo. Bhupendra alikuwa Mhindi aliyefukuzwa nchini pamoja na wazazi wake mwaka 1972, akiwa mtoto, akarudi miaka ya tisini. Zulaika alikuwa Mnubi. Baba yake alikuwa askari wa serikali ile ile iliyowafukuza akina Bhupendra, na ilipoangushwa mwaka 1979 akakimbilia Sudani na watoto wake. Kwa hiyo mwajiri na mwajiriwa waliongea kompyuta tu, wakaelewana sana.

Mwaka 2003 waasi waliingia Teso, na baadhi ya waliokimbia wakafika mji wa Mbale. Shirika moja la misaada likafungua ofisi ya kuwaandikisha, likanunua kompyuta ishirini kwa Bhupendra. Baada ya wiki tatu kikaja kiraka kutoka kwa fundi wa hapo Mbale aliyeitwa Mafabi. Kilikuwa kifupi: kila diski inapoandika kitu, mfumo usubiri sekunde mbili. Basi.

Zulaika alimjibu kwa barua pepe. "Bwana Mafabi, asante kwa kiraka chako kisicho na maelezo. Kwa nini mbili? Kwa nini si saba, au arobaini kama msibani? Na kwa nini diski zote za dunia zisubiri kwa sababu ya Mbale?"

Mafabi akajibu: "Dada Zulaika, diski zinasema zimeandika, kumbe hazijaandika. Umeme ukikatika, jina la mtu linapotea. Njoo uone, kama safari haikusumbui."

Akaenda. Hakwenda kwa wema. Alikwenda kushinda ubishi.

Ofisi ya kuandikisha ilikuwa ghala la zamani la pamba. Mafabi, kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni, alimpokea mlangoni kwa heshima zote za mtu aliyekasirika. Ndani, karani mmoja aitwaye Madina alikuwa akibishana na mama wa Kiteso aliyebeba godoro lililokunjwa.

"Mama Akiteng, kompyuta haikujui," alisema Madina.

"Wewe unanijua. Jumatatu ulinipiga picha."

"Mimi nakujua. Kompyuta haikujui. Na asiyejulikana akisema aliandikishwa, amri ni aandikwe hapa."

Akafungua daftari lililoandikwa juu yake WADANGANYIFU. Jina la Mama Akiteng lilikuwamo mara tatu. Mpango ulikuwa mzuri kweli kweli: majina ya waliokimbia vita yaliwekwa kwenye diski, yakapotea kila umeme ulipokatika, nao Mbale ulikatika kila ulipojisikia. Majina ya waongo yaliwekwa kwa kalamu ya wino, na halikupotea hata moja.

Zulaika akavuta kiti. "Jina lako kamili, mama?"

Akaliandika. Kompyuta ikasema imehifadhi. Hapo hapo Mafabi akachomoa waya ukutani. Wakaiwasha upya. Jina halikuwepo. Wakarudia, wakahesabu sekunde moja kabla ya kuchomoa. Halikuwepo. Wakahesabu mbili. Jina lilikuwepo, na Mama Akiteng akalikodolea macho kama jamaa aliyerudi kutoka mbali.

"Umejaribu mara ngapi?" Zulaika aliuliza.

"Mia moja na kumi na mbili. Kwenye sekunde moja na nusu, mengine yanapona, mengine yanakufa. Kwenye mbili hakuna lililokufa."

"Kwa nini hukuyaandika hayo kwenye kiraka?"

"Ulinipa nafasi? Ulikuwa msibani."

Ili asilazimike kuomba radhi mara moja, Zulaika aliinama akaanza kufungua kompyuta moja baada ya nyingine. Ikamfaa, kwa sababu nane kati ya ishirini zilikuwa na diski za namba nyingine, yaani za aina nyingine, na hizo, walipozichomoa, hazikupoteza kitu.

"Unaona?" akasema. "Hizi nane ulitaka kuziadhibu kwa makosa ya wenzao."

Mafabi akakuna shingo. "Hapo umenishika, dada."

"Na wewe umenishika kwenye mbili. Nilikukosea."

Wakakaa pamoja wakakiandika upya. Kiraka sasa kilitaja namba ya diski mbovu peke yake. Mama Akiteng, ambaye hakuwa ameondoka, aliuliza nani hasa amethibitika kuwa mwongo.

"Ni diski, mama," alisema Zulaika.

"Basi iandikeni na yenyewe."

Wakaiandika. Juu ya msimbo Zulaika aliweka maelezo haya: "Diski hii husema imeandika kabla haijaandika. Ni mwongo. Isiaminiwe kabla ya sekunde mbili." Kisha akampigia Bhupendra simu, kwa kuwa kiraka kingetoka na jina la kampuni yake.

"Mwongo?" Bhupendra aling'aka. "Mimi ndiye niliyeziuza! Andika kwamba diski hii hufanya kazi kwa haraka kuliko inavyotarajiwa."

Zulaika alimsimulia habari ya daftari.

"Mwaka ule tulipofukuzwa," Bhupendra alisema, "baba yangu Jashbhai alipanga foleni siku mbili kuthibitisha kwamba ni raia. Karani akamwambia, nimekuandika, nenda nyumbani. Aliporudi, jina halikuwepo. Wakamwita mwongo mbele yetu."

"Bwana Bhupendra, baba yangu..."

"Najua baba yako alikuwa nani. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Acha neno lilivyo. Na waambie diski zote kumi na mbili nitazibadilisha."

Alikata simu. Zulaika akarudi kwenye msimbo, akaliacha neno lilivyo, na Mafabi alikuwa na adabu ya kutomuuliza.

Mkaguzi mmoja wa ng'ambo alikipokea kiraka, akauliza kama sekunde mbili zimepimwa au zimeotwa. Zulaika alilichukia swali hilo, hasa kwa vile alijua raha ya kuliandika. Akamtumia majaribio yote mia moja na kumi na mbili, kila moja na saa yake, chini akaweka jina la Mafabi. Kiraka kikakubaliwa bila neno jingine.

Mama Akiteng alipata kadi yake siku ile ile ya majaribio. Kutoka kwenye daftari la wadanganyifu lilikuwa jambo zito zaidi: mkuu wa ofisi alisema inahitajika barua kutoka makao makuu. Madina alingoja mkuu huyo aende kula, akachana kurasa zote tatu zenye jina la mama, akawashia jiko la chai. Mwaka uliofuata mama yule alirudi kwao Teso kupanda mtama, na ile barua ya makao makuu ikafika miezi minne baadaye. Ilikuwa na mhuri mzuri sana.