Foleni ya Kinena

Mwalimu wa nidhamu, aliyeogopwa na shule nzima, alikuwa na siri ndani ya suruali: kinena kilimwasha kama kimepakwa upupu. Hospitali ya serikali ilimpangia kumwona daktari wa ngozi baada ya miezi sita. Miezi sita! Akajifunza kujikuna kwa ujanja, akijibana kwenye kona ya meza huku akifundisha. Mkewe alipouliza mbona anatembea kama bata, alisingizia viatu.

Siku ilipofika alikuta korido imefurika, wengine wamekaa sakafuni juu ya kanga. Daktari wa zamani alikuwa amestaafu. Aliyekuja ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, na badala ya kukaa ofisini akiita mmoja mmoja, alitoka mwenyewe.

"Jamani, kwa mwendo huu mtazeekea hapa. Wenye mapunye, ukuta ule. Wenye chunusi, dirishani. Wanaowashwa kinena, mlangoni kwangu. Mwenye kidonda kisichopona au doa linalobadilika, anyooshe mkono sasa hivi."

Mkono mmoja tu ulinyooka, wa mama muuza mkaa mwenye doa jeusi unyayoni. Daktari akapiga magoti palepale, akalitazama, na uso ukambadilika.

"Huyu anaingia kwanza."

"Mimi nimefika kabla ya jogoo!" mwalimu akafoka.

"Hata jogoo angekuja na doa hili, angekutangulia. Wewe unaumwa nini?"

Macho yote yakamgeukia. "Kiwiko," akasema.

Daktari akakishika, akakikunja, akakinyoosha. "Kizima kuliko changu. Nenda nyumbani."

Jasho likamtiririka mgongoni, likashuka hadi kulekule, moto ukawaka. Akajivuta kimyakimya hadi foleni ya mlangoni, kichwa chini, akitazama visigino vya mama aliyemtangulia. Visigino vikageuka.

"Shikamoo, mama," ikamtoka kabla hajafikiri. Alikuwa mama mkwe wake.

"Marahaba, baba. Kumbe na wewe?"

"Nime... nimekusindikiza."

"Kutoka wapi, na mimi sikukuaga? Mficha uchi hazai, baba, na wajukuu wenyewe umenipa wawili tu. Simama vizuri."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Ilipokataa, naye akacheka. Daktari akawaita kwa kundi, akawaeleza habari za fangasi, namna ya kujikausha na kupaka dawa, kisha akamchunguza kila mmoja peke yake nyuma ya pazia, chapuchapu. Adhuhuri haijafika, korido ilikuwa tupu, na mfagiaji akauliza kama kuna mgomo.

Muuza mkaa alikatwa lile doa wiki ileile. Siku ile ya foleni, daktari alipomaliza kuhudumia watu, alimwambia mwalimu, bila kumung'unya maneno, kwamba mama yule angengoja zaidi wangemkata mguu, kama si kumchimbia kaburi. Mwalimu akakumbuka alivyofoka, akashikwa na haya zaidi kuliko alipovua suruali.

Jioni ya siku hiyo simu ikalia, mkewe akapokea. Sauti ya mama yake ikajaa sebuleni: "Mwambie mwenzangu wa foleni asisahau kupaka!"

Mke akamgeukia mumewe. "Foleni gani hiyo, wewe na mama?"

Mwalimu akavuta kiti, akaketi taratibu, akaanza kueleza.