Chungu Kilichotoa Povu

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2006. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ukungu wa Mlima Elgon ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi yetu hapa Chwele. Nilipiga magoti jikoni nikaomba jambo moja tu: mume wangu Jairus aimalize siku hii bila pombe.

Alikuwa ameacha busaa, pombe yetu ya nafaka, tangu Pasaka. Lakini leo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kitale kumposa binti yetu Rosaline, na kwetu baba wa msichana ndiye hutia mrija wa kwanza kwenye chungu cha busaa. Bila chungu, wageni hawajapokelewa. Na Jairus akionja kidogo tu, hupotea, kisha hurudi nyumbani bila viatu.

Basi tulikubaliana: chungu kiwepo, mirija iwepo, ila ndani kuwe na uji wa wimbi. Wifi yangu Nakhungu alijitolea kuupika mapema uchachuke.

Wageni walipoketi, tulileta chungu. Mzee Waithaka, baba wa kijana, akachungulia.

"Ati nyinyi mnakunywa uji na bomba?"

"Onja kwanza, bana," Nakhungu akamjibu. "Utahama Kitale."

Jairus akautia mrija, akainama. Akabaki hivyo, pua juu ya povu.

"Nakhungu, ulitia nini hapa?"

"Wimbi. Na kimea kidogo. Nikafunika, nikaweka kando ya moto siku mbili tatu. Si ndivyo tunafanyanga?"

"Ndivyo tunafanyanga busaa, dada yangu!"

Nakhungu akashika kichwa. Mikono yake ilikuwa imepika ilichozoea. Mdomo wa Jairus ulikuwa karibu na mrija, na kosa halikuwa lake, nani angemlaumu? Nikasema moyoni, "Bwana, mshike."

Jairus akauchomoa mrija.

"Mama Rosaline," akaniita, "kuna chai?"

Mzee Waithaka ndiye aliyeanza kucheka. "Mimi mlokole, karibu nileweshwe na wakwe!"

"Kaka yangu ana pua ya mbwa wa polisi," Nakhungu akasema, huku akijipangusa machozi ya kicheko.

"Hii pua imesoma sana," Jairus akamjibu.

Tuliumwaga ule uji chini ya migomba, na baadaye jogoo wetu akaonekana akitembea upande upande. Chungu tulikiosha, tukakijaza chai ya maziwa. Mzee Waithaka alivuta kwa pupa akaungua ulimi, akavuta tena.

Kisha Jairus akasimama na mrija wake mkononi, akamwita Rosaline karibu.

"Wakwe zangu, dada yangu, mama watoto, mnisikie. Mrija huu hautaingia tena kwenye busaa, Mungu akinisaidia. Na wewe Rosaline, siku ya harusi nitakushika mkono mpaka madhabahuni, nikiwa nimevaa viatu vyote viwili. Nimesema."