Kuomba Moto

Chaki ilikuwa bado mkononi mwa mwalimu Nekesa pale Sylviane aliponyanyuka, akajitanda kitenge chake na kutoka darasani bila kuaga.

Ubaoni palikuwa na neno moja la Kiingereza, “fire”, na chini yake maneno yanayopenda kuandamana nalo. “Light a fire”, kwa mama anayewasha jiko. “Catch fire”, kwa nyasi kavu. La tatu Nekesa alilitamka kwa madaha, darasa zima likaitikia: “Set fire to a house.” Kuchoma nyumba! Mwalimu mzima, na cheti chake, hakujiuliza anawafundisha kina nani. Wanafunzi wake wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma walikuwa wamelikimbia jambo hilo kabla ya kulijua kwa Kiingereza.

Wiki hiyo kiti cha Sylviane kilikaa kitupu. Roho ilimuuma Nekesa. Mama yule wa Kikongo alikuwa karibu kufanyiwa usaili wa ukalimani hospitalini, na bila masomo nafasi hiyo ingemponyoka.

Jumamosi jioni alimfuata nyumbani. Alimkuta ameinama mbele ya mafiga, kuni zimepangwa, majivu baridi.

“Nisamehe, mama,” Nekesa alisema. “Nilifundisha kama mtu asiye na macho.”

Sylviane hakuinua uso. “Baba yangu alikuwa mule ndani walipoichoma nyumba,” alisema. Kisha akatikisa ganda tupu: “Kiberiti kimeisha, mwalimu. Hata chai sina ya kukupa.”

Nekesa akamkumbuka nyanya yake kule Bungoma, aliyekuwa akimtuma kwa jirani na kigae mkononi. Aliokota kigae cha chungu kando ya ukuta, akavuka ua hadi kwa Achai, mama wa Kiturkana aliyeuza kuni.

“Ejok, mama,” alimsalimu kwa Kiturkana. “Naomba moto.”

Achai alicheka kumwona mwalimu na kigae, akamchotea makaa mawili mekundu. Nekesa alirudi akiyapuliza, moshi ukimtoa machozi, na huenda si moshi peke yake. Sylviane alisogeza kuni, wakainama pamoja, wakapuliza mpaka moto ukashika.

“Kwetu pia tulikuwa tunaomba hivi,” Sylviane alisema. “Nyumba yenye mko na ugomvi nayo, huendi kuomba.” Akatabasamu kidogo. “Kwa Kiingereza wanasema namna gani?”

Nekesa alitafuta kichwani, akakosa. “Sijawahi kulikuta kitabuni.”

Jumatatu Sylviane alikuwa wa kwanza kuingia. Nekesa aliyaandika upya maneno ya “fire” na kuliruka lile la tatu.

“Liandike, mwalimu,” Sylviane alisema. “Siku moja ataletwa mama aliyeungua, na mimi ndiye nitamsemea.”

Nekesa aliliandika. Sylviane akaja mbele, akaichukua chaki, na chini kabisa akaandika polepole: “Ask for fire.”

Darasa likasoma kwa pamoja. Mwalimu naye akafuata, kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi.