Jina la Tano Ukutani

Mtu asinidanganye kwamba mpira wa kikapu ni kufunga. Kufunga anaweza yeyote, ili mradi apewe mpira mahali pazuri. Kazi ni kumpa. Mimi, Halidi, niliwapa watu mipira kwa miaka kumi na mitatu katika timu ya kiwanda chetu hapa Morogoro, na nilipoacha kucheza hakuna aliyenipa hata kikombe cha plastiki.

Kwa hiyo niliposikia kwamba uwanja wetu wa Kihonda unapakwa rangi upya, na kwamba ukutani yataandikwa majina matano ya wachezaji wa zamani wanaostahili heshima, usingizi ulinipaa. Nilitaka jina langu liwe pale. Nasema wazi, nililitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi.

Majina manne yalipita bila ubishi. La tano likabaki kati ya watu wawili, mimi na Alois.

Alois ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mluguru wa Kinole, na hilo peke yake linatosha kutufanya watani. Tangu alipoajiriwa kiwandani mwaka themanini na tisa ananiita mtumwa wake, nami namwita mtumwa wangu. Anachukua andazi langu sahani ikiwa mbele yangu, mimi namvua kofia mbele ya wakwe zake, na hakuna ruhusa ya kununa. Mama yangu alipofariki, ni yeye aliyejifunga kanga za marehemu akaigiza mwendo wake, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Uwanjani mimi nilitoa pasi, yeye alifunga.

Jumamosi tukakutana pale pale uwanjani, wachezaji wa zamani kumi na mmoja, na chai na viazi vitamu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Anastasia, aliyetufundisha enzi zile magoti yetu yakiwa mazima. Baada ya shikamoo zetu akasema, "Hapa hakuna mtu kujisifu. Alois, wewe utamsemea Halidi. Halidi atakusemea wewe. Halafu tunapiga kura."

Nikafurahi. Nilijua Alois atanitania, ni haki yake, lakini nilidhani humo humo atatia neno moja la kweli.

Akasimama, kwanza akanywa chai yangu. "Jamani, huyu mtumwa wangu mnamjua. Miaka yote aliogopa kikapu utadhani kinauma. Akipata mpira, 'Alois, shika!' Yuko peke yake chini ya kikapu, hana mtu, 'Alois, shika!' Fainali ya tisini na saba nimeinama nafunga kamba za viatu, mpira huo kichwani! Mansuri, hebu fungua daftari. Msimu ule alifunga pointi ngapi?"

Mansuri, katibu wetu, bado anayo madaftari yote ya timu. Akalamba kidole, akafunua. "Kumi na tisa."

"Mechi moja?"

"Msimu mzima."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mwalimu alivua miwani akafuta macho. Mimi niliumia. Pointi ziko daftarini, lakini pasi hakuna aliyeziandika, na Alois alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Zamu yangu ikafika. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemwandalia maneno ya utani, kama kawaida yetu tukikutana, kuanzia tumbo lake mpaka asali anayojivunia ya kwao. Yote nikayaacha. Nikafunga kifungo cha shati, nikasimama wima. "Ndugu Mwenyekiti, ndugu Alois alikuwa mchezaji hodari. Alifunga pointi nyingi na alikuwa na nidhamu. Anastahili. Ahsanteni." Nikakaa.

Hakuna aliyecheka. Ndugu! Miaka yote hiyo sijawahi kumwita ndugu. Mtani akikuheshimu namna ile, ujue amekutupa. Nilikusudia hivyo hasa, na nilidhani nitaona raha.

Alois akaweka kikombe chini. "Halidi," akasema polepole, na hakusema mtumwa, "umeninunia?"

Nikakumbuka kanga za mama. Siku yangu ikifika, nani atavaa kanzu yangu aigize ninavyochechemea, wanangu wapate kucheka? Ukuta hautafanya hivyo.

Nikasimama tena. "Mwalimu, samahani, nilikuwa namsema mtu mwingine. Huyu mtumwa wangu hakuwahi kukaba hata kivuli. Tukinyang'anywa mpira, yeye anaangalia milima ya Uluguru kama mtalii. Mandazi ya timu nzima alikula yeye. Lakini nisikilizeni. Nilimrushia pasi mbovu, za miguuni, za mgongoni, nimechoka, nimekasirika, na hata siku moja hakuniaibisha. Alizidaka, akazifunga, nami nikarudi nyumbani najiona bingwa. Mwandikeni."

"Hapo sasa!" akapiga kelele Alois, akachukua na kiazi changu.

Sisi wawili hatukupiga, na kura zikawa nane kwa moja. Ile moja yangu ilitoka kwa Mansuri, nadhani aliona haya kwa ajili ya daftari lake.

Jumatatu asubuhi Prisca, mchora mabango, alipomaliza kuandika ALOIS kwa herufi kubwa nyekundu, Alois akampokonya brashi.

"Unafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Nafasi ni yangu, na mtumwa ni wangu," akajibu. Akachuchumaa kwa shida, akaandika chini ya jina lake: NA MTUMWA WAKE HALIDI, ALIYEMPA MIPIRA YOTE.

Mwalimu akasema kamati ilipitisha majina matano tu. Akautazama ukuta, akatutazama sisi, kisha akasema mambo ya watani kamati haiyawezi.

Nikasogea karibu. Herufi zilikuwa ndogo, zimepinda, na rangi ilichuruzika mpaka chini. Nililia, wala sioni haya kusema. Kisha nikamwambia mtumwa wangu kwamba hajui kuandika, nikamvua kofia, nikafutia machozi.