Vyungu vya Mgeni

Mamba alimchukua Thabiti mchana kweupe alipokuwa akivua mtoni Kitaya, na kilichopatikana ni mtumbwi wake tu. Mkewe, Mgeni, alibaki na binti yao mdogo, Sharifa. Shamba la mpunga nduguze marehemu waligawana hata eda haijaisha.

Siku alipotoka eda, shemeji yake Fikirini alimjia na kanga mpya mkononi.

"Mama Sharifa, jiandae. Mke wa kaka hatoki nje ya ukoo."

"Kanga nzuri, shemeji. Mpelekee mkeo."

Fikirini alimpiga kofi lililomwangusha kizingitini, akaondoka na kanga yake.

Mgeni hakungoja arudi. Alimbeba mtoto mgongoni, akateremka hadi karibu na bahari, mahali maji yanapojaa katikati ya mikoko na kuacha udongo wenye chumvi. Huko mama mmoja mtu mzima, Hadija, alimfundisha kuukwangua ule udongo, kuuchuja kwa maji, kisha kuyachemsha yale maji mpaka chungu kibaki na chumvi tupu. Moshi uliwaumiza macho, chumvi ikawapasua vidole. Lakini miaka ile bandari ilikuwa ikijengwa Mtwara, vibarua walikuwa wengi, na kila mmoja alihitaji chumvi ya chakula chake. Kiangazi cha pili Mgeni alikuwa na banda lake la makuti na vyungu vyake mwenyewe, na Sharifa alikwenda chuoni kusoma Kurani kwa gauni lisilo na kiraka.

Habari zikamfikia Fikirini. Alitokea asubuhi moja na rungu, wanawake wakichochea moto.

"Nasikia mjane wetu ametajirika."

"Rudi kwako, shemeji. Nina kazi."

Akapiga chungu cha kwanza, kikapasuka. Akapiga cha pili. Maji yalimwagika motoni, jivu likaruka. Hadija alinyoosha mkono kumzuia, rungu likamshukia, mfupa ukalia kama kuni kavu. Mgeni alimrukia Fikirini na kumng'ata bega mpaka akaonja damu. Fikirini alimkung'uta chini, akampiga mbavuni, akampiga mdomoni. Meno mawili yakatoka. Alipoona hainuki, akamgeukia Sharifa aliyejibanza bandani, akamshika nywele.

"Huyu ni damu yetu. Nitamlea mimi, na nitamwoza mimi."

Akaanza kumburuta.

Mgeni aliinuka. Chungu kimoja kilikuwa bado kizima, kinatokota. Alikishika kwa viganja vitupu, akapiga hatua huku nyama ya mikono ikiungua, akakimwaga kichwani kwa Fikirini.

Fikirini alianguka akijigaragaza topeni, ngozi ya uso ikimbabuka. Lakini si yeye peke yake aliyelia. Maji mengine yalimshukia Sharifa, shingoni hadi begani.

Nduguze Fikirini walimpeleka Mgeni kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Alisimama mbele ya watu, mikono imefungwa majani ya mgomba.

"Ulikusudia kumuua?" jumbe aliuliza.

"Nilikusudia amwachie mwanangu. Angeendelea kumshika, ningekusudia na hilo."

Hadija akauonyesha mkono wake uliovunjika, akaeleza yote. Jumbe alimtazama Fikirini, aliyekufa jicho moja, akasema kila mtu aende na kidonda chake, na Fikirini asionekane tena kwenye mikoko. Hakuonekana.

Vidole vya Mgeni vilipona vikiwa vimekunjamana, havikuweza tena kukwangua. Basi mkono wa Hadija ulipounga, yeye akapika chumvi, Mgeni akaibeba kichwani hadi mjini Mtwara. Taratibu akapata meza sokoni, na baadaye chumba Magomeni, hapohapo mjini, chenye mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani. Njaa iliwaacha. Ila Sharifa hakukubali tena kuogeshwa na mama yake. Alipomwona ameshika sufuria ya maji, alitoka nje.

Alikuwa amekuwa mwali alipouliza, wakipima chumvi mezani.

"Mama, siku ile, uliniona nilipokuwa?"

"Nilikuona."

"Na ukamwaga."

"Nikamwaga."

Sharifa aliendelea kujaza kibaba. Mteja aliondoka, mwingine akaja, naye akaondoka. Halafu Sharifa akavuta kiti chake kutoka upande wa pili, akaketi upande uleule wa meza na mama yake, wakauza mpaka soko likafungwa.