Gololi ya Saa Kumi

Saa tisa na nusu alasiri Melkiori alifagia nyuzi za pamba zilizobaki sakafuni tangu jana, akapangusa kioo cha mashine ya gololi, akawasha transfoma. Taa ziliwaka moja moja kwa uvivu. Mgongo ulimuuma. Ana miaka sabini na mbili, na chumba chake cha mbele hapo Shelui kimejaa mashine sita za michezo za zamani, zile za koili, kengele na magurudumu ya namba, ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Wauza vyuma chakavu wanamjua: kabla ya kwenda kwenye mzani, pitia kwa mzee Melkiori, atakubadilishia kilo kwa kilo.

Saa kumi kamili, wakati zamu ya kiwanda cha pamba ilipokuwa ikitoka enzi hizo, Gerald aliingia. Alikufa mwaka wa themanini na sita chini ya mashine ya kufunga marobota, akiwa na miaka thelathini na minne, na hajaongeza hata mmoja. Nywele zilikuwa zimejaa pamba. Hakusalimia mtu, maana hasemi. Alivuta springi, gololi ya chuma ikaruka, kengele zikaanza.

Mkewe, Anastazia, alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anasuka kikapu. Huja kila siku. Katika mwaka mzima wa ziara hizi ni Sara tu, mwenye duka la jirani, aliyewahi kulalamika, na yeye alilalamikia kengele, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga.

"Shemeji," Anastazia alisema, "nimetoka kwa wazee wa kanisa."

Melkiori alijua habari yenyewe. Barua ya kiwanda ilisema Gerald alikuwa amelewa kazini. Mtu ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha! Kwa barua hiyo kwaya yake mwenyewe ilikataa kumwimbia, akazikwa kimyakimya kama mwizi. Kiwanda kilishafungwa, meneja alishakufa, ila barua ingalipo kwenye kabati la kanisa, na muhuri wake.

"Wanasemaje?"

"Katibu Yohana anasema wamesikia mume wangu anakuja hapa, na wamefurahi. Ila marehemu hawezi kujitolea ushahidi. Na maneno ya mzee mmoja hayafuti barua yenye muhuri. Wanataka kitu cha kushika mkononi, wakiweke kwenye faili. Hapo kwaya itamwimbia. Fundi wa kiwanda aliyebaki ni wewe, shemeji. Hukumbuki chochote?"

Melkiori alikaa chini. Alikuwa amechoka. Amechoka na jambo hili karibu miaka arobaini, na uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kulala.

"Kitu kipo," alisema. "Mashine hii ilikuwa ya klabu ya kiwanda. Ijumaa ile rilei yake, swichi ya kuwasha na kukata umeme, iliungua, na meneja alikuwa na wageni. Spea hakuna. Akaniambia nitafute popote. Nikachomoa ile ya mlango wa marobota, inayozuia mashine isishuke mlango ukiwa wazi. Nikasema Jumatatu nitairudisha."

Gerald aliingia zamu Jumamosi. Alikufa ili wageni wa meneja wasikie kengele.

"Iko wapi?"

"Imo humu. Ina namba nyekundu ya kiwanda mgongoni."

Anastazia aliweka kikapu chini.

"Itoe basi."

"Nikiitoa hatakuja. Mwezi wa tatu nilijaribu kuweka nyingine. Mashine ilicheza vizuri, yeye hakuonekana siku mbili, mpaka nilipoirudisha ile."

"Ulisema umeme ulikatika."

"Nilidanganya."

Gerald aliisukuma mashine kwa paja, gololi ikarudi juu. Alikuwa anakaribia alama elfu tisini. Anastazia alimtazama mpaka saa kumi na moja, mumewe alipotoka na kupotelea kwenye uzio kama kawaida yake. Kisha naye akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alifika saa nane, na kipande cha msasa.

"Nifundishe, fundi."

Hakumwita shemeji tena. Kwa wiki tatu Melkiori alimfundisha kusugua pointi za umeme, kunyoosha springi, kubadilisha taa bila kugusa waya wa moto. Alishika upesi. Hakumuuliza neno lolote lisilohusu mashine. Katibu Yohana alipomuuliza Anastazia kama amepata kitu, alijibu hakupata, na barua ikabaki kabatini.

Wiki ya nne alibadilisha kufuli la chumba cha mbele. Melkiori hakubisha, ingawa nyumba ni yake. Sasa saa kumi ikikaribia Anastazia hujifungia kwa ndani, na Melkiori hukaa nje kwenye ngazi. Gerald huja, hupita bila kufunguliwa mlango. Melkiori hukunja miguu ili ampishe.